Mwoka Mikate na Tumbo la Mama Mkwe

Watu wa mtaani walimwita Tanuri. Jina hilo alilipata kwa kazi yake ya kuoka mikate, wala si kwa hasira, maana mtu mpole kama yule hupatikana kwa tochi. Alikuwa mrefu na mwembamba, nyusi zimepauka kwa unga, na akiongea na mteja alikuwa akiutazama mkate badala ya kumtazama mtu. Mkewe, aliyeuza mbele huku yeye akioka nyuma, ndiye aliyekuwa na maneno ya wote wawili. "Mume wangu akitoa salamu mbili kwa siku," alikuwa akiwaambia wateja, "basi jueni ya pili imemponyoka."

Tanuri alijaliwa haya kupita kiasi. Aliona haya kupiga chafya mbele za watu. Aliona haya kula harusini. Lakini hakuna mtu ambaye yeye alimwonea haya kama mama mkwe wake.

Mama huyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke aliyenyooka kama rula, kilemba kimefungwa barabara tangu asubuhi hadi anapolala. Nusu ya mtaa ilipitia mikononi mwake, na hata wanaume wenye wajukuu walikuwa wakizima sigara wakimwona anakuja. Wote walimwita Mwalimu. Alipoteleza bafuni kwake na kuvunjika nyonga, binti yake alimchukua akaishi nao, na kiti chake kikawekwa sebuleni, mkabala na ukumbi unaoelekea chooni. Tangu siku hiyo Tanuri hakukitumia tena choo cha nyumbani kwake. Haja ikimbana, alikuwa akivaa viatu, akimuaga Mwalimu kwa adabu, kisha akitembea hadi dukani kwake, hata kama mvua inanyesha. Mwalimu alimsifu kwa binti yake: "Mumeo anaipenda kazi. Hatulii nyumbani." Mkewe aliuma mdomo asicheke.

Nyonga ilifungwa kwa chuma hospitalini, lakini kidonda kikafanya usaha, na Mwalimu akapewa dawa kali za kuua bakteria, wiki nenda wiki rudi. Kidonda kilifunga. Ndipo tumbo likaanza kumharisha. Kwa kuwa naye alikuwa mtu wa haya, alificha. Alifua nguo zake mwenyewe kwa mkono mmoja, huku mwingine umeshika mkongojo. Alisema hana njaa, kumbe alikuwa akiogopa kula. Siku binti yake alipomkuta ameanguka kando ya beseni la nguo, midomo yake ilikuwa imekauka kama karatasi.

Walimlaza. Akapata dawa, akapata nafuu, akarudi nyumbani, na tumbo likaanza upya. Wakamrudisha, akapata nafuu tena, likamrudia tena. Safari ya tatu, daktari aliita familia ofisini kwake: binti, Tanuri, na kaka wa binti, dereva wa lori, mtu wa mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, na alizungumza bila kuzunguka.

"Tumboni mwetu mna bakteria wengi wazuri wanaotulinda," alisema. "Zile dawa za kidonda ziliwaua wale wazuri pamoja na wabaya. Sasa kuna mmoja mbaya amebaki peke yake utumboni, amejitawalia. Tukimpiga kwa dawa anajificha, dawa zikiisha anaibuka. Kinachotakiwa ni kumrudishia mama wale wazuri. Na tunawapata kwenye choo cha mtu mzima wa afya."

"Choo kipi?" aliuliza kaka mtu.

"Choo kikubwa. Kinyesi. Tunakipima, tunakichanganya na maji maalumu, tunakichuja, kisha tunakiingiza kwenye utumbo wa mgonjwa kwa mpira."

Dereva wa lori, ambaye hakuwahi kukosa neno tangu azaliwe, alilikosa.

"Ni tiba kamili, si uganga," daktari aliendelea. "Ila mtoaji asiwe ametumia dawa za kuua bakteria karibuni. Nani kati yenu?"

Dereva alisema ametoka kutibiwa homa ya matumbo. Ilikuwa kweli. Binti alisema alimeza dawa za jino, na shavu lake lilikuwa bado limevimba. Macho ya wote watatu yakamgeukia Tanuri.

Tanuri aliwaza mambo mengi kwa wakati mmoja. Aliwaza kilemba cha Mwalimu. Aliwaza jinsi anavyoinamisha kichwa akimpa shikamoo. Aliwaza kitu chake, kile, ndani ya mama mkwe wake. Damu ilimpanda masikioni.

"Hata mimi," alisema, akiitazama kalamu ya daktari. "Nilimeza. Za kikohozi."

"Lini?"

"Juzijuzi tu."

"Basi familia nzima mnakula dawa kama karanga," daktari alisema. "Tafuteni rafiki au jirani. Lakini msichelewe."

Tanuri hakuwahi kuwa na kikohozi mwaka ule. Mkewe, aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja, alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Tanuri alimtazama kwa pembe ya jicho, akingoja amuumbue. Mkewe aliinamisha macho, akaanza kukunja ncha ya mtandio wake. Hakusema kitu pale ofisini, wala njiani, wala nyumbani. Usiku ule alimpakulia chakula kama kawaida, na ukimya wake ulimkaba Tanuri kuliko matusi.

Walijaribu kutafuta mtu. Lakini jirani unamwomba chumvi, unamwomba kiberiti, hili unalianzaje? Mkewe alikwenda kwa rafiki yake wa tangu utotoni, akaketi, akaongea habari za mvua na za watoto, akaaga, akaondoka. Dereva alimuuliza mwenzake wa kazini, na mwenzake akadhani ni mzaha, akacheka mpaka akalazimika kusimamisha gari.

Huku nyuma Mwalimu alizidi kuzama. Siku moja, Tanuri akiwa anakanda unga, simu ya mkewe ililia. Tumbo la mama limevimba na kuwa gumu, presha imeshuka, figo zimeanza kusuasua. Amehamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi.

Waliruhusiwa kuingia mmojammoja. Zamu ya Tanuri ilipofika, nesi alimvika joho la plastiki na glavu, akamwonyesha kitanda cha dirishani. Alipita kitanda hicho, akadhani si chenyewe. Pale palikuwa na bibi mdogo kama mtoto, mdomo wazi, mpira wa hewa puani, mwingine shingoni, mashine zikilia kwa zamu. Hakuwa na kilemba. Nywele zake zilikuwa nyeupe na chache, na ngozi ya kichwa ilionekana. Tanuri hakuwahi kuziona nywele za mama mkwe wake. Aligeuza uso haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu bila kubisha.

Nesi alikuwa akimbadilisha shuka kwa mara ya kadhaa siku ile. "Baba, nishikie hapa," alisema, bila kujua amemwambia nani. Tanuri alishika. Akashika ncha ya shuka huku amefumba macho, na harufu ikamfikia, na akamsikia Mwalimu akiguna kwa sauti ndogo sana: "Samahani... samahani..." Hakuwa na fahamu za kujua yuko wapi wala na nani. Aliomba radhi tu, hewani.

Hapo ndipo kitu kilipomvunjika Tanuri kifuani. Mwanamke huyu alikuwa anakufa huku akiomba msamaha kwa ajili ya tumbo lake, na yeye alikuwa amesimama pale na tumbo zima, na uongo mdomoni.

Alimkuta daktari ukumbini akinywa chai kwa kusimama.

"Daktari. Zile dawa za kikohozi."

"Ndiyo?"

"Sikumeza."

Daktari aliishusha bilauri. Tanuri alingoja kufokewa. Kwa kweli alikuwa anataka kufokewa.

"Kwa nini ulisema umemeza?"

"Ni mama mkwe wangu," alisema Tanuri. Hakuwa na maelezo mengine.

"Nakuelewa," alisema daktari. "Lakini juzi alikuwa anaweza kuketi. Leo sijui kama atafika kesho kutwa. Madaktari wa upasuaji wanataka kumkata utumbo mpana, na kwa hali yake sidhani kama ataamka mezani. Kwa hiyo tusipoteze muda kuoneana haya. Twende maabara."

Hakufoka, na maneno yale yalimchoma Tanuri kuliko kufokewa. Alikuwa anaweza kuketi. Aliyarudia moyoni huku sindano ikimtoa damu.

Maswali yalikuwa mengi. Umewahi kuugua ini? Umewahi kuharisha karibuni? Una wanawake wa nje? Hili la mwisho aliulizwa wakiwa wawili tu na daktari, na bado alitoka jasho, ingawa jibu lilikuwa hapana. Wakampima damu, wakampima choo, wakatafuta kila mdudu anayejulikana na maabara, na daktari akawasukuma watu wake majibu yatoke haraka. Dereva wa lori alitia sahihi kwa niaba ya mama yake. Majibu yalipotoka, daktari alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Hongera. Una tumbo la mfano."

Tanuri alitamani sakafu ipasuke immeze.

Wakampa chombo cha plastiki chenye kifuniko, wakamwonyesha choo cha wafanyakazi. Aliingia, akafunga, akaketi. Hakuna kilichotokea. Nje alisikia viatu vya manesi, mtu akicheka, toroli likipita. Alijikakamua. Hakuna.

"Baba, vipi?" nesi aligonga mlango.

"Bado."

Baadaye kidogo akagonga mwingine, sauti ya kiume. "Mzee, usijilazimishe. Fikiria mambo mazuri."

Alitoka na chombo kitupu, amekishika nyuma ya mgongo kama mwizi wa maembe. Wakakubaliana ajaribu nyumbani asubuhi, alete haraka kabla saa nyingi hazijapita. Na asubuhi, kwa msaada wa vikombe viwili vya uji na mlango uliofungwa, ikawezekana. Chombo akakiweka ndani ya mfuko, mfuko ndani ya kisanduku cha baridi, na kisanduku, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kukifunika, akakitia ndani ya kikapu cha mikate na kutandika kitambaa cheupe juu.

Kwenye kona alikutana na mteja wake wa miaka mingi, fundi cherehani mwenye ulimi mtamu.

"Tanuri! Leo unasambaza mwenyewe? Nipe mmoja basi, wa moto."

"Leo... sina."

"Kikapu chote hicho?"

"Ni oda."

"Ya nani?"

"Ya hospitali," alisema Tanuri, akapita mbio. Hakuwa amesema uongo, lakini shavu lilimuwaka mpaka langoni.

Alikaa kwenye benchi nje ya mlango wa maabara wakati wanaandaa ile tiba. Kupitia mlango alisikia mashine ya kusagia ikinguruma, mlio uleule wa blenda ya jikoni, na akajua ni nini kinachosagwa. Mkewe, aliyeketi kando yake, alimshika mkono. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Siku ya kwanza baada ya tiba, homa ya Mwalimu ilishuka kidogo. Kisha ikasimama pale pale, na daktari akasema wagonjwa mahututi mara nyingi huhitaji kurudiwa. Tanuri akarudia, safari hii bila matatizo, na hata kwa hilo aliona haya, kana kwamba amelizoea jambo lisilofaa kuzoeleka. Baada ya hapo tumbo la Mwalimu lililainika. Presha ikakaa. Mkojo ukaanza kujaa kwenye mfuko ulioning'inia kitandani. Shuka zikawa zinabaki kavu mchana kutwa. Kisha nesi akapiga simu kusema mama amefumbua macho na anauliza kilemba chake kiko wapi.

Hadithi ingeishia hapo kama dereva wa lori angekuwa na breki za mdomo kama alizonazo za gari. Alimpenda shemeji yake kwa alichofanya, na alitaka dunia nzima ijue. Akaisimulia kituo cha mafuta. Akaisimulia kwa kinyozi. Kisha, Mwalimu alipohamishiwa wodi ya kawaida, akamsimulia na yeye, mbele ya wagonjwa wengine wanne.

"Mama, wewe na shemeji sasa mmekuwa kitu kimoja. Wengine huchangia damu, yeye kachangia..." Akalitaja.

Mwalimu aligeukia ukutani, akavuta shuka hadi masikioni.

Jioni Tanuri alipofika na mkate laini wa maziwa, mkewe alimzuia mlangoni mwa wodi.

"Mama hataki kukuona."

"Amekasirika?"

"Hapana. Anaona aibu. Amesema akikuangalia usoni atakufa kweli."

Aliuacha mkate kwa nesi akaondoka. Mwalimu aliporuhusiwa, alichagua kwenda kukaa kwa mwanawe, ingawa nyumba ya mwanawe ilikuwa na ngazi na nyonga yake haikupenda ngazi. Tanuri alipoambiwa, kitu cha kwanza kumjia moyoni kilikuwa ahueni. Cha pili kilikuwa aibu kwa ile ahueni.

Mtaani nako hakukuwa shwari. Asubuhi foleni ya mikate ilipungua. Mama mmoja alinunua, akaunusa mkate palepale kaunta, akaulipia kwa heshima, na hakurudi. Fundi cherehani aliingia na kundi la watu nyuma yake.

"Tanuri, kaka," alisema kwa sauti, "hebu tuambie ukweli. Huu umetoka tanuri lipi?"

Kicheko kilijaa duka. Mkewe aliwatoa wote kwa ufagio, yule fundi akiwa wa kwanza, lakini Tanuri kule nyuma alikuwa ameshasikia. Aliendelea kukanda. Alinawa mikono, akakanda, akanawa tena, mpaka vidole vikachunika. Hakuona haya kwa kile alichotoa. Hilo alilishangaa mwenyewe. Kilichomuuma ni kwamba watu wachache waliokuwa wakimsifu walimsifu kwa moyo wa kutoa bila kusita. "Mtu kama wewe hayupo," walisema. "Umeombwa, ukatoa." Kila akisikia hivyo alikuwa anaona tena ile kalamu ya daktari.

Mvua zilipokwisha, dereva wa lori aliwaita nyumbani kwake kwa chakula cha mchana. Mama ndiye aliyetaka, alisema. Tanuri alijaribu kutoa visingizio, mkewe akamtupia shati lililopigwa pasi.

Mwalimu alikuwa ameketi kichwani mwa meza, kilemba kimefungwa barabara, mkongojo kando. Amekonda, lakini mgongo ulikuwa rula ileile. Tanuri aliinamisha kichwa, akatoa shikamoo. "Marahaba," aliitikia yeye, akitazama bakuli la mboga. Walikula namna hiyo, mkwe na mkwe, kila mmoja akichunguza sahani kama anayesoma gazeti.

Chakula kilipokwisha, Mwalimu aligonga meza kwa kijiko, kama alivyozoea kunyamazisha darasa.

"Nina la kusema, na nitalisema mara moja tu. Nilimkimbia mkwe wangu. Mtu aliyeniokoa, nikamgeuzia mgongo, kwa sababu nilishindwa kujua nimtazame vipi. Nawaomba radhi wote. Na nataka wajukuu wangu wajue: baba huyu hakusita hata kidogo."

Dereva alipiga makofi. Wajukuu wakapiga makofi. Tanuri alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anakusanya sahani, na hakuinua uso.

Angeweza kunyamaza. Alikuwa bingwa wa kunyamaza.

"Mama," alisema, "nilisita."

Makofi yalikatika.

"Nilimdanganya daktari kwamba nimemeza dawa. Ukazidiwa kwa ajili hiyo. Ungetibiwa mapema, usingefika kule ulikofika. Nilikuonea haya, mama. Nikaona afadhali..." Hakuimalizia sentensi.

Mwalimu alimtazama sasa, moja kwa moja, kwa macho yale yaliyozimisha sigara za watu wazima.

"Hata mimi nilificha," alisema hatimaye. "Nilifua nguo zangu mpaka nikaanguka. Ningesema mapema, nisingehitaji chako." Akavuta pumzi. "Ungeniambia hukusita kabisa, baba, ningekuogopa. Mtu gani wa kukimbilia jambo kama lile? Lete chai, wewe," alimwambia mwanawe, "na ukome kunitangaza kwenye vituo vya mafuta."

Dereva alicheka, wengine wakafuata. Tanuri hakucheka, lakini aliinua kikombe akanywa.

Walirudi kwa miguu, yeye na mkewe, jua likiwa bado juu. Wakapita soko. Kisha mkewe akasimama kando ya banda lililofungwa.

"Siku ile kwa daktari," alisema, "uliponitazama. Ulifikiri nakulaumu?"

"Ndiyo."

"Nilikushukuru." Machozi yalikuwa yameshamjaa. "Nilijua unadanganya, nikashukuru moyoni. Nilisema, afadhali. Kama mama ni wa kufa, afe na heshima yake. Mama yangu mzazi! Nilinyamaza siku zote zile, nikakuacha ubebe peke yako. Leo umesimama mbele ya watu umejisema, na mimi nimeokota sahani."

Tanuri alitaka kumwambia hana kosa, lakini wote wawili wangejua kuwa si kweli. Watu walipita wakiwaangalia, mwanamume na mkewe wamesimama juani, mmoja analia.

"Utamwambia mama?" Tanuri aliuliza mwishowe.

"Sijui. Naona haya."

Tanuri alimpokea mfuko wa machungwa waliopewa na shemeji, akauhamishia mkono wa pili ili mkono wa karibu naye uwe mtupu. Mkewe akaushika. Wakaendelea na safari polepole.